Tangazo la Saa Kumi

Kila siku Naima akitoka shule alivua sare, akala ugali wake kwa mlenda, akachukua daftari na kwenda twisheni kwa Mwalimu Optatus, nyumba ya nne kutoka kwao, pale Nzuguni. Twisheni ilianza saa kumi kamili. Mama yake, Bi Tabu, alijivunia sana mtoto huyu wa darasa la sita asiyehitaji kusukumwa.

Lakini hata mtoto mwema ana siku yake ya uvivu. Jumatano moja mama alikuwa sokoni na baba kazini. Naima akajiambia, "Leo tu," akawasha televisheni na kujilaza mkekani. Dishi lao lilinasa vituo vya nchi jirani, na kimojawapo kikarusha tangazo la unga uitwao Refuka. Eti kijiko kimoja kwenye uji, na mtoto anarefuka kwa wiki moja!

Naima akamkumbuka mdogo wake Mbwana, wa darasa la pili, ambaye wenzake walimwita Kisoda kwa ufupi wake. Usiku akamsimulia mama. Wiki haikuisha, Bi Tabu akaukuta unga huo dukani, akaununua. Siku mbili Mbwana alikunywa uji wake kwa furaha. Siku ya tatu, loo, alitapika mpaka akalegea, akakimbizwa zahanati. Daktari alisema unga ule haufai hata kupewa kuku. Alhamdulillahi, baada ya siku chache Mbwana alikuwa anakimbia tena, mfupi vilevile.

Jirani yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Joshua, alifanya kazi Mtumba, katika ofisi ya serikali inayosimamia redio na televisheni. Alipopata habari, alikuja jioni na karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mama Joshua," Naima alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza. Sasa sikiliza. Kituo kile si cha kwetu, hatuwezi kukiamuru. Lakini kule nako kuna ofisi kama yetu, na tumekubaliana kusaidiana. Tukiwaandikia, wao watakibana. Kila kituo hutunza rekodi ya kinachorushwa, kwa hiyo wanataka jina la kituo, siku na saa. Wewe ndiye uliyeliona tangazo. Ilikuwa saa ngapi?"

Baba yake, Mzee Uwesu, alikuwa ameketi palepale. Naima akamtupia jicho. Akisema saa kumi, ataulizwa twisheni alikwenda saa ngapi.

"Jumatano, saa moja jioni," akajibu. "Baba alikuwa msikitini, na mama jikoni."

Mama Joshua akaandika. Barua ikaenda.

Wiki mbili baadaye alirudi, uso umemshuka. "Wenzetu wamejibu. Wamepitia rekodi ya jioni ile yote, na hawakusahau kwamba saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Hakuna tangazo. Tusipoleta ushahidi mwingine, Ijumaa watafunga jalada."

"Na tangazo je?" baba aliuliza.

"Litaendelea kurushwa, Mzee Uwesu."

Bi Tabu akawaka. "Mama Joshua, huyu nimemzaa mimi, namjua! Naima wangu hasemi uongo. Waambie watafute vizuri!"

Maskini Naima! Laiti mama angemchapa, angeumia kidogo kuliko kwa maneno yale. Akamtazama Mbwana aliyekuwa akichora chini kwa kijiti. Huko ng'ambo ya mpaka, mtoto mwingine kama huyu angepikiwa uji ule kesho. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Naima ilikuwa imefika mwisho. Akaangua kilio.

"Mama, nisamehe. Ilikuwa saa kumi. Sikwenda twisheni siku ile."

"Kumbe!" baba akasema taratibu. "Watu wa serikali mbili wanahangaika, kumbe mwanangu anaficha utoro?"

Mama akageuza uso. Alikuwa ameumia, na Naima aliona. Kesho yake baba alimpeleka kwa Mwalimu Optatus kuomba radhi, na adhabu yake ikawa kusoma kila Jumamosi kwa mwezi mzima.

Barua ya pili iliondoka siku hiyohiyo, kabla ya Ijumaa. Safari hii majibu hayakukawia. Rekodi ya saa kumi ilipatikana, tangazo likapigwa marufuku, na kituo kikaamriwa kuwaomba radhi watazamaji Jumatano, saa ileile.

Jumatano ilipofika mama akasema, "Leo nakuruhusu, baki uone."

"Hapana, mama. Mtanisimulia." Naima akachukua daftari, akatoka.

Jioni alimkuta Mbwana amesimama juu ya kigoda, akimwigiza mtangazaji: "Watazamaji wetu, tunawaomba radhi sana!" Baba alicheka mpaka machozi, na Mama Joshua, aliyekuwa amepita kuwasalimu, akacheka pia. Kisha akamvuta Naima karibu.

"Wale wa kule hawajawahi kukuona, mwanangu. Walifungua rekodi zao kwa kuliamini neno lako tu. Ulipodanganya, uliwafunga mikono watu wazima wa nchi mbili, na uliposema kweli, ukawafungua. Ukikosa, sema mapema, kabla kosa lako halijamwumiza mtu usiyemjua."

"Nimesikia, Mama Joshua," alijibu Naima.

Mama akasogea mkekani, akamwachia nafasi akae kando yake.