Hodi Isiyoitikiwa

Mtungi ndio ulioanza. Paskazia aliteka maji safi kisimani, akaufunika. Kulipokucha yalikuwa mekundu, yananuka udongo wa chini kabisa. Na huo ni mwezi wa nane, mwaka wa sabini na sita, Samuye nzima vumbi tupu.

"Mwaga," alisema baba mkwe wake, Mzee Masele, bila kuyatazama. "Na ukisikia ngo, ngo, ngo, usiitike. Toka nje."

Ndiyo ilikuwa sheria ya mji ule. Mgeni alipiga hodi kwa sauti kutoka uwanjani. Akithubutu kugonga mlango, wanaume walitokea mlango wa nyuma kama wamevamiwa na nyuki. Paskazia, alipokuwa bibi harusi mgeni, alikuwa akicheka. Siku hizi ngo zilikuja chini ya sakafu, mchana kweupe, na kicheko kilimwisha.

"Baba Mbuke, ni nini kile?" alimnong'oneza mumewe, Bujiku.

"Jini la duarani, shimoni kwa wachimbaji. Lilimfuata baba kutoka machimbo ya Bugarama."

Jini, eti! Mama mkwe, Klara, ndiye aliyemweleza, wakichambua choroko. "Duara lilimwangukia Januari, mdogo wake Masele. Siku mbili anagonga na jiwe huko chini. Masele akaogopa kushuka, akawaambia wenzake hakuna mtu hai. Wakafukia." Akashusha sauti. "Halafu mume wako, akiwa mdogo, akajifungia kwenye sanduku lile la nguo. Aligonga, mwanangu! Baba yake amesimama hapo hapo, ameziba masikio. Nikamtoa mimi, nilipotoka shamba. Mwezi mzima mtoto hakusema neno."

"Mganga je?"

"Alimwambia amwitikie ndugu yake, basi. Hataki."

Jumapili iliyofuata Paskazia alikuwa ndani akikunja nguo. Ngo, ngo, ngo. Mzee Masele alishatoka, na Paskazia naye, maana mazoea yana taabu, alishatia mguu mmoja nje, harufu ya udongo mbichi ikimjaa puani, ngo zikizidi kufifia, ndipo alipoona kandambili moja ya Mbuke, mtoto wake wa miaka miwili, imelala kando ya sanduku, na komeo la sanduku limeangukia mahali pake.

"Bujiku! Mtoto!"

Bujiku alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Aliiona kandambili. Machozi yalimtiririka, viganja vimeganda masikioni, na miguu haikwenda.

Paskazia alimsukuma, akang'oa komeo. Mbuke alikuwa na midomo ya bluu. Alikohoa, akalia, mama akamkumbatia. Kucha za mtoto zilijaa udongo mwekundu.

Na ndani ya sanduku tupu: ngo, ngo, ngo.

"Baba!" Paskazia alipiga kelele kuelekea uwanjani, adabu ya ukwe ameisahau. "Mwitikie ndugu yako! Atatuulia mtoto!"

Mzee Masele aligeuka. Kisha akaelekea zizini, akisema ng'ombe hawajanywa maji.

Jioni walikuwa wakila sinia moja. Ngo zikaja, taratibu, chini ya sinia. Masele akainuka akatoka. Bujiku akainuka akamfuata. Paskazia akafumbua kinywa aitike yeye, lakini Mbuke alishateremka mapajani mwake. Aliweka tonge lake chini vizuri, akaziba masikio kwa viganja vyake viwili vidogo, akawafuata wanaume nje.