Sauti Iliyotaka Kupanda Mlima

Glavu zilikuwa zimelowa.

Umutoni alizishika, akazigeuza. Zilikuwa glavu ndogo za zambarau, za mtoto, bado zimefungwa pamoja kwa uzi wa dukani, na ndani ya vidole vyake mlikuwa na chembe za barafu zisizomaliza kuyeyuka. Nje, barabara za mtaa wao wa Linden zilikuwa kavu. Jiji la Columbus halikuwa limeona theluji kwa wiki nzima. Isitoshe, glavu hizo hazikuwahi kuvaliwa. Zilinunuliwa kwa ajili ya safari, na wa kuzivaa alikuwa amekwisha kuzikwa.

Alizianika, akajiambia pengine dirisha linavuja.

Safari hiyo ilianza kupangwa Novemba ya mwaka 2014, theluji ilipofunika upande wa kusini wa Buffalo hadi milango ya nyumba ikapotea. Mukansanga, wifi yake Umutoni, dada wa mumewe Nkusi, aliishi peke yake Kenmore, kaskazini mwa Buffalo, na kufanya kazi huko kusini. Akatuma picha. Mizero, mtoto wa pekee wa Nkusi na Umutoni, alizitazama hadi simu ikapata moto. Akataka kuteleza thelujini. Shangazi yake akatafuta mahali: mlima mkubwa, si mbali sana na Buffalo, wenye hoteli na mikahawa, unaopokea wageni mwaka mzima. Wakati wa baridi watu huteleza na mbao miguuni. Wakati wa joto hupandishwa kileleni kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, wakatazama misitu.

"Twende Februari," Mukansanga alisema. "Mtoto akipapenda, bon, tutarudi Julai."

Gasore, kaka yake Umutoni, angetoka Louisville na gari lake kubwa awapitie. Kila Jumapili baada ya ibada waliunganisha simu, Louisville, Columbus na Buffalo, wakabishana nani atapika nini, nani amepewa ruhusa kazini, huku Gasore akiapa kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe na hatafunga mbao miguuni ng'o. Mizero aliwacheka wote. Aliwacheka kwa Kiingereza.

Maana Mizero hakuongea Kiswahili. Alikielewa chote, lakini hakukitia kinywani. Alizaliwa Bujumbura, akaletwa Amerika kabla hajajua kusimama. Umutoni alikuwa amekulia Uvira, na Kiswahili ndicho alichonyonya. Alimsemesha mtoto wake kwacho tangu asubuhi, naye mtoto alimjibu, "Okay, Mom," huku akikimbia. Siku moja Umutoni alipokwenda kumchukua shuleni, akamwita kwa Kiswahili mbele ya wenzake, Mizero aliinamisha kichwa akatangulia mbele, kama mtu asiyemjua anayemwita. Umutoni hakumsimulia mtu yeyote jambo hilo.

Wiki ya Krismasi homa ya uti wa mgongo ilimkamata Mizero. Asubuhi alilalamikia shingo. Kesho yake hakumtambua baba yake. Walimzika katika ardhi iliyoganda kiasi kwamba mashine ya kuchimba ilikuwa ikiruka juu yake kama inayogonga jiwe.

Baada ya glavu, ikaja harufu. Umutoni alikuwa akikunja nguo, Jumamosi mchana, jua limejaa dirishani, akanusa maziwa. Si maziwa ya dukani. Yalikuwa maziwa ya kibuyu kilichofukizwa kwa moshi wa majani, harufu ya nyumba ya bibi yake kule milimani Minembwe, alikokwenda likizo zote za utoto wake. Ilitoka chumbani kwa Mizero. Akaifuata hadi mlangoni, nguo mkononi, na kutoka upande wa kitanda sauti ya mwanawe ikamwambia:

"Mama, tunapanda mlima lini?"

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Uvira, laini, kisicho na kasoro.

Mtu mwingine angekimbia. Umutoni alipiga magoti.

"Mizero? Ni weye?"

"Ni mimi, mama. Nimengoja sana. Huku kuna baridi."

Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Lakini godoro upande mmoja lilikuwa limebonyea, kama linavyobonyea mtoto akikaa.

Tangu hapo hakulia tena. Nkusi alifanya kazi ghalani zamu ya usiku, na kila alipoondoka Umutoni aliingia chumbani, akaketi sakafuni, wakapanga safari upya. Sauti ilitaka kujua kila kitu: nani watakuja, nani atalala karibu na nani, shangazi anapenda nini, mjomba anaogopa nini. Ilimwita mama. Ilimwambia hadithi ambazo bibi yake wa Minembwe alimsimulia utotoni, na ilicheka mahali pale pale bibi alipokuwa akicheka. Mara nyingine, chini ya ile harufu ya maziwa, Umutoni alisikia harufu nyingine, ya jokofu lililozimika siku nyingi likiwa na nyama ndani. Naye aligeuza uso kidogo, akaendelea kusikiliza.

Alianza kukonda. Kucha zake zikawa za buluu. Chai haikumpasha joto. Huko Gahanna, katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, bibi mmoja aliyempenda sana, aliyekuwa akimshika mkono kila asubuhi akiogeshwa, alimtazama akaanza kutetemeka.

"Mwambie huyo mtoto aondoe mikono shingoni mwako," alinong'ona. "Ni mirefu mno."

Alfajiri moja Nkusi alirudi kutoka kazini akamsikia mkewe akicheka. Alisimama ukumbini na koti lake, viatu bado vina chumvi ya barabarani, na moyo wake ukafurahi, kwa kuwa hakuwa amesikia kicheko katika nyumba hiyo tangu mazishi. Kisha akasikia kicheko cha pili kikijibu cha kwanza, chembamba, cha mtoto, akakitambua, akajishikiza ukutani, na ukuta ulikuwa na baridi kama chuma kilicholala nje, na mlango wa chumba cha marehemu ukafunguka wenyewe taratibu mbele yake, naye akamwona mkewe sakafuni akitikisa mwili polepole, kama mama anayebembeleza mtoto mgongoni, na mgongoni hapakuwa na kitu ila kitambaa cha gauni lake kilichovutwa nyuma, kimekaza, kama kilichoshikwa kwa ngumi.

"Baba amekuja," sauti ilisema.

Nkusi alimkamata mkewe mkono akamburuta hadi jikoni, akafunga mlango.

"Mama Mizero, ile iko nini?" Alikuwa akinong'ona, meno yakigongana.

"Ni mtoto wetu. Amerudi."

"Hapana."

"Umesikia sauti yake kwa masikio yako!"

"Sauti, ndiyo. Lakini sikia." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Mtoto wetu alituongelesha Kiswahili lini? Niambie siku moja. Moja tu."

Umutoni alimpiga kofi. Kisha akaketi chini, akafunika uso kwa pindo la gauni, kwa kuwa lile alilolijua tangu neno la kwanza sasa lilikuwa limesemwa na mtu mwingine.

Gasore alitoka Louisville siku ile ile aliposikia. Alikuwa mzee wa kanisa. Watu walimwita nyumba zilipokuwa na shida za namna hiyo, naye hakupenda kuzisimulia. Kanisani waliita kitu hicho pepo. Majirani zao Waislamu kule Uvira wangekiita jini. Gasore hakukipa jina. Alifika adhuhuri akiwa hajala, akasimama mlangoni pa chumba, akanusa, akarudi sebuleni.

"Kinapenda waliofiwa," alisema kwa sauti ya chini. "Kinatafuta kile marehemu hakukupa, donc kinakupa. Ndiyo chakula chake."

"Kifukuze, shemeji," Nkusi alisema.

"Siwezi. Mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba hafukuzwi na mpita njia. Mimi nitaomba. Wa kukiambia kitoke ni dada yangu."

Waliingia wote watatu. Jua lilikuwa bado juu, lakini chumbani mwanga ulikuwa umefifia na kuwa wa kijivu, kama wa machweo. Gasore alianza kuomba, na alipoomba pumzi yake ilionekana kama moshi.

"Mama," sauti ilisema, "kwa nini umeleta watu?"

Umutoni alikisogelea kitanda. "Ongea kama Mizero. Ongea Kiingereza."

Kitanda kikalia. Kisha kitu kikajaribu, na kilichotoka hakikuwa neno la lugha yoyote, bali kama mfupa ukisagwa taratibu. Na Nkusi akaziba masikio.

"Usinitoe, mama," sauti ikarudi, tamu kuliko wakati wowote, na harufu ya maziwa ikajaa chumba hata ikawa kama kuzama ndani yake. "Nitakusemesha kwa lugha ya mama yako hadi siku utakapokufa. Utazeeka, na nani atakuelewa katika nchi hii? Yule uliyemzaa alikuonea aibu. Alikukimbia mbele ya wenzake. Mimi sikukimbii. Mimi ninakupenda kuliko yeye."

Gasore aliacha kuomba. Umutoni alikuwa amesimama bila kutikisika, mikono imening'inia, na kwa muda mrefu wale wanaume wawili hawakujua angegeukia upande gani, kwa maana uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeitwa kutoka pande mbili za mto, na sauti ikiendelea kumwita mama, mama, mama, kwa upole uleule, na gauni lake likivutwa mabegani, na kucha zake zikizidi kuwa za buluu.

"Alinionea aibu," alisema hatimaye. "Ndiyo. Alikuwa mtoto, na watoto huona aibu. Angekua, angeacha. Hakupata nafasi." Sauti yake ilivunjika, akaiokota. "Lakini hata asingeacha kamwe, alikuwa wangu. Wewe si wangu. Toka. Kwa jina la Yesu, toka nyumbani kwangu, na usiniite mama tena."

Alikwenda mwenyewe kufungua mlango wa mbele. Kitu kilimpita ubavuni, chenye ubaridi na uzito wa maji, kikilia kama mtoto aliyepigwa bila kosa. Kililia hivyo kwenye ngazi, kililia barabarani, na Umutoni alishika mlango kwa mikono miwili asije akakifuata. Kisha kikatokomea. Hita ikaunguruma. Chumbani palinuka vumbi tu.

Hapo ndipo Mizero alipokufa. Ndivyo Umutoni alivyosema baadaye: kwamba siku ya mazishi alizika mwili, lakini mtoto alikufa alasiri ile. Nkusi alimshika, wakalia pamoja sakafuni kwa mara ya kwanza, na Gasore akaketi karibu nao, mkono juu ya kichwa cha dada yake.

Asubuhi iliyofuata walikula kidogo. Kisha Umutoni akasema wampigie Mukansanga, wamwambie kwamba hakuna safari tena, afute vyumba kule mlimani. Nkusi akaweka simu mezani ili wote wasikie.

"Dada, kuhusu ile safari ya mlimani..."

"Nimeshapanga kila kitu," Mukansanga alijibu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya msichana. "Nimenunua na viatu vya theluji. Mbona hamkuniambia anakuja?"

Nyuma yake, kule Kenmore, mtu mdogo alicheka.

"Shangazi," sauti iliuliza, "tunapanda lini?"

Umutoni aliinyakua simu. "Wifi! Wifi, nisikilize. Toka humo ndani. Huyo si Mizero, mimi nimekaa naye, najua. Fungua mlango, mwambie atoke."

Mukansanga alivuta pumzi upande wa pili, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto, na aliyekuwa na picha za mtoto wa kaka yake katika kila chumba.

"Najua si yeye," alinong'ona. "Unadhani sijui? Lakini usinikatie sauti hii, wifi. Wewe ulikuwa naye miaka minane. Mimi ninaye tangu jana jioni tu."

Simu ikakatika. Umutoni alikuwa ameshavaa koti, na Nkusi nje alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa mikono mitupu.