Mkasi wa Mama Clarisse

Sogeeni hapa, wajukuu zangu. Zimeni televisheni, mnyamaze, maana haya yalimpata shoga yangu Clothilde, Mama Clarisse, pale mjini Garland, huku ughaibuni.

Miaka miwili yeye na rafiki yake Avelina walipanga kwenda Peru, watembee milimani siku nne na kiongozi, wakilala vijijini kwa Wakechua, wafumaji na wachungaji. Mwishowe Avelina akamwacha, akaenda na rafiki mwingine, Tania.

Akarudi na shali. Bibi mmoja wa huko aliwafuma humo wote wawili wakipanda mlima, Avelina mbele, Tania nyuma, pamoja na kondoo wenye njuga.

"Mama Clarisse, nipindie ukingo kwa cherehani yako," Avelina akasema. "Na usinune, dada! Miguu yako iliyochoshwa na kazi ya ghalani ingekuacha njiani."

Clothilde akacheka meno tu. Mgeni alipoondoka, Clarisse alimwona mama yake akichukua mkasi na kumfumua Tania kwenye shali, uzi mmoja mmoja.

Usiku huo dhoruba ikakata umeme, nyumba ikawa giza tii. Clarisse, jikoni, akasikia njuga chumbani kwa mama yake. Kisha kwato juu ya mawe. Kisha mtu akihema.

"Mama?"

"Ningojeni, nami nakuja!" Sauti ya mama yake ilitoka mbali, tena yenye furaha.

Umeme uliporudi, chumbani vilibaki viatu vyake tu.

Clarisse alirithi cherehani na vitenge. Avelina alirudishiwa shali yake. Mkasi hakuurithi mtu. Umo ndani ya shali, mkononi mwa mwanamke aliyevaa kitenge, miguu mitupu, hatua moja nyuma ya Avelina.