Muamba na Kilima cha Maua ya Shaba

Sikilizeni, bamama na batata wa Kolwezi, hata ninyi mnaosema Ntumba anapenda kuingilia mambo ya watu. Naam, naingilia! Nilikaa mlango kwa mlango na Bilonda katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Niliyoyaona niliyaona, na ambayo sikuyaona alinisimulia mwenyewe.

Jumamosi moja, mwaka ule tulipoanza kuitana sitwayen, yaani raia, mimi na Bilonda tulikuwa nyuma ya nyumba yao tunatwanga sombe, majani ya muhogo. Batoto walikuwa wamekoga, bukari, ule ugali wetu, iko motoni, redio ya jirani inaimba. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, na bomba la maji uani. Basi Muamba, bwana wa Bilonda, akaingia. Hakukaa. Alizunguka kiti chake kama mtu mwenye siafu ndani ya suruali.

"Bilonda, funga vyombo. Nimeacha kazi. Nimenunua shamba."

"Shamba? Uliuliza nani?"

"Mi njo mwanaume wa hii nyumba."

Bilonda akaushusha mchi. Nyumba ya kambi inakwenda na kazi. Kazi ikiisha, kampuni inachukua nyumba yake. Kila mtoto wa Kolwezi anajua hilo. Kwa hiyo kuanzia siku ile, bila shamba hilo, watu wale hawakuwa na pa kulaza vichwa.

Shamba lenyewe lilikuwa upande wa barabara ya Fungurume. Kwenye ofisi ya ardhi walimwambia Muamba wazi: ardhi ni ya Serikali. Unachonunua ni ruhusa, na ruhusa ni ya mtu anayelala pale na kulima pale. Mkaguzi akikuta hulimi, inafutwa. Muamba akaitikia yote. Chefu wa kijiji cha pale akamwonyesha sehemu mbili achague. Moja ilikuwa bondeni, udongo mweusi, karibu na kijito. Nyingine ilikuwa kilimani, hakuna mti, nyasi fupi tu na yale maua madogo ya buluu. Sisi watu wa migodi tunayajua maua hayo. Yanapoota, chini kuna mukuba, yaani shaba. Na penye mukuba, muhogo haukui.

Muamba akachagua kilima.

"Tata," chefu akamwambia, "pale bamama yetu habalimi."

"Mi niko na akili yangu," akajibu.

Akili! Alitaka aonekane mkulima, huku anachimba majiwe ya kijani ya mukuba ayauze kwa siri. Alijua kwamba vilivyo chini ya ardhi si vyake. Alijua muhogo utakufa. Msinidanganye kwamba hakujua, alijua, akaenda.

Nilikwenda kuwatembelea mvua zilipochanganya. Bilonda hakuwa yule wa kambini. Kila gari likipita barabarani alisimama, akaangalia kama ni agronome, yule wa Serikali anayekagua mashamba. Vyombo vyake vilikuwa bado ndani ya magunia.

"Juu ya nini hautoe vyombo?" nikamuuliza.

"Nitaweka wapi, mama Ntumba? Hapa haiko kwetu. Tunapanda, bitu binageuka njano, binakufa. Kila siku mi nangoja batu ya kutufukuza."

Kisha akanipeleka nyuma ya ua wa matawi, akanionyesha shimo. Aliyekuwa anashuka ni yeye, kwa kuwa Muamba ni mnene. Bwana alibaki juu akivuta ndoo. Nikamwendea Muamba.

"Tata Muamba, hauna haya? Kutuma mama ya batoto mu shimo?"

"Mwezi moja tu, mama. Kisha tutajenga," akasema huku anacheka.

Mwezi haukufika. Mvua ililainisha ukingo wa shimo, ukaporomoka, ukamfukia Bilonda hadi kifuani. Shimo likapanuka, Muamba akashuka, akafukua kwa mikono, akilia kwa sauti, mpaka akamtoa. Wote wawili walilala chini kwenye matope wanahema. Halafu, haki ya Mungu, akamwambia: "Ukipumzika kidogo, tutachimba upande ya pili."

Siku chache baadaye agronome Kisimba akafika.

"Nani analima hapa?"

"Mi, sitwayen."

Kisimba akang'oa shina la muhogo. Mizizi ilikuwa myembamba kama uzi. Akatazama ule ua wa matawi.

"Na kule?"

"Choo," Muamba akasema.

Kisimba akamgeukia mke. "Mama, munafanya nini hapa?"

Muamba alimkazia macho. Bilonda akisema choo, watalala pale mpaka mvua ziishe. Akisema kweli, batoto watatoka na magunia yao siku ile ile. Akajibu, kama mwenyewe alivyonisimulia:

"Kulala tunalala, tata. Kulima hatulimi. Ile haiko choo. Iko shimo ya mukuba, na ilitaka kunizika."

Ruhusa ikafutwa. Bondeni palikuwa pameshachukuliwa na Mbombo, mjane, na mahindi yake yalikuwa yamempita kimo. Mbombo huyo ndiye aliyewapa Bilonda na batoto kibanda, naye Bilonda akamsaidia kulima. Muamba alirudi Kolwezi, akalala jikoni kwa mdogo wake, akiwaambia watu kwamba mke wake amemuuza.

Akaja mpaka kwangu. "Mama Ntumba, nenda uniombee arudi."

"Ulipomtoa mu shimo," nikamuuliza, "neno ya kwanza ulimwambia nini?"

Muamba akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

FUNZO

Ardhi ya kulima inunuliwe na anayetaka kulima. Ukipewa kwa sharti, usilikubali kwa mdomo huku moyoni umeshalivunja. Na wewe baba, kabla ya kuiacha nyumba, ongea na mwenzako. Wazee walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Kwa Muamba tamaa ilikuwa yake, na mauti nusura yawe ya mke wake.