Dakika Kumi na Mbili hadi Honolulu

Wallahi, haya ni kweli tupu, sijatia chumvi hata chembe. Anayebisha aende Tanga akaulize.

Kutoka kiwanja cha Tanga hadi Honolulu ni kilomita elfu kumi na saba na mia nne. Wazee wetu walibadilisha ndege tatu, siku nzima na ushei. Chombo kipya, Kikunjamasafa, kilizimaliza kwa dakika kumi na mbili: unakaa, unafumba macho, umefika. Tena huko unazindukia mikononi mwa maroboti. Yameshakuosha, kukunyoa, kukukata kucha na kukuvisha ndara mpya. Bure! Watu waliusifu ukarimu huo mpaka basi.

Mhakiki wa saa za chombo alikuwa Fundi Mize Shekue. Kabla ya kila safari alisimama mbele ya abiria akaapa: "Dakika kumi na mbili, hakuna zaidi."

Siku hiyo aliondoka mwanawe, Nasra, bi harusi mtarajiwa, kumfuata mchumba. Somo yake, kungwi aliyemfunda, alikuwa amempaka hina asubuhi ileile, kucha zote kumi nyekundu hadi kwenye nyama.

Robo saa baadaye sura ya Nasra ikatokea kwenye simu ya ofisini.

"Mama, roboti lilitaka kunikata kucha. Nimelizaba kofi."

"Umefanya la maana. Mkono wa bi harusi haushikwi na mwingine ila somo."

"Nilizinduka kabla halijazigusa. Hebu tazama."

Akainua mkono. Kucha zilikuwa ndefu, zimejipinda kama za mwewe, nyeupe. Wekundu ulibaki nchani tu.

"Somo yako kakupaka rangi ya maandazi, imefutika!" Mize akacheka. Kisha kicheko kikamkauka. Hina ya kucha haifutiki. Husukumwa mbele kucha inapoota. "Nionyeshe miguu."

Nyayo zilikuwa na sugu nene kama kwato, zimepasuka, na ndani ya mipasuko mna chumvi.

"Zinauma kama nimetembea, Mama. Lakini sikumbuki."

Mize akashika kalamu. Kilomita elfu kumi na saba na mia nne, tano kwa saa, bila kulala: siku mia moja arobaini na tano. Karibu miezi mitano. Chombo hakikuwa kinakunja masafa. Kilikuwa kinakunja muda, miezi ya msafiri ikawa dakika za huku, kisha kinakunja na kumbukumbu zake.

"Mama, nirudi?"

"Usithubutu kupanda! Nakuja mimi."

Njia nyingine haikuwapo. Meli na ndege zilishakufa kwa kukosa abiria. Mize akakimbilia chomboni, ambako watu walikuwa wamekwisha kaa.

"Shukeni! Mtatembea njia nzima!"

Wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa Pangani akamwonyesha kidole. "Fundi, si wewe unayetuapia kila safari? Na saa zako zinasemaje?"

Mize akazitazama. Zilisema dakika kumi na mbili.

Akaenda kabatini, akarudi amevaa buti zake za kazi. Akakaa kando ya yule mzee, akakaza kamba mpaka zikamuuma.

"Buti za nini, binti yangu? Hata chai haipoi!"

Mize akayatazama malapa ya mzee, yaliyokwisha kisigino. Akatoa mfukoni soksi zake za akiba, akamwekea mapajani.

"Vaa, baba," akasema. "Vaa tu."