Majibu ya Fumbo la Jana

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, Mektilda alipita kwa Masalu kinyozi, karibu na stendi ya Bariadi, kuchukua gazeti la jana. Gazeti la siku hiyohiyo lilibaki mezani kwa ajili ya wateja. La jana, lililokwisha kusomwa na kila aliyenyolewa, lilikuwa la Bibi Kornelia. Utaratibu huo ulikuwa na miaka sita, na Mektilda aliukuta.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mjini alikuwa na miezi minne tu. Baba yake alimleta kutoka kijijini Lingeka asome darasa la sita akiwa kwa shangazi yake, Nyanjige, aliyekaanga samaki sokoni na kurudi nyumbani giza likiingia. Shuleni, wenzake walikuwa wamekwisha kugawana marafiki kabla hajafika. Siku ya kwanza Gloria, aliyekaa dawati la mbele, aligeuka na kumwuliza, "Eti huko kwenu Lingeka, ng'ombe nao huitwa mahudhurio?" Darasa zima lilicheka. Tangu hapo hakuna aliyemcheka tena, kwa sababu hakuna aliyemsemesha.

Bibi Kornelia alikuwa jirani yao. Alifanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha kuchambua pamba kwa miaka thelathini. Sasa alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, akisubiri tarehe ya upasuaji. Aliweza kuona mlango, hakuweza kusoma. Kwa hiyo Mektilda alikaa naye barazani, akasoma kwa sauti maswali ya fumbo la maneno, na kujaza majibu katika vijisanduku kwa penseli. Fumbo lenyewe bibi alilihifadhi kichwani.

"Mwadila, bibi," Mektilda alisalimu kila alipofika. Ilikuwa salamu ya kwao, na mara nyingi yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwadila, mjukuu wangu. Haya, tuanze."

"Mji mkuu wa Zambia, herufi sita."

"Lusaka. Andika."

Kwa wiki tatu bibi alijibu karibu yote. Kisha siku moja alisema, "Kesho shangazi yako akiwa na kazi ya kukupa, usijisumbue kuja." Alikusudia kumpunguzia mzigo. Mektilda alisikia kwamba hana faida, na kwamba baraza ile, mahali pekee mjini alipokuwa akingojwa, ingefungwa.

Kesho yake, kwa kinyozi, gazeti jipya lilikuwa wazi mezani. Chini ya ukurasa wa fumbo palichapishwa majibu ya fumbo la jana, yaani fumbo lilelile alilokuwa akilipeleka kwa bibi. Masalu alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Mektilda aliandika majibu sita kwenye kiganja chake.

"Umelijuaje hilo?" bibi alishangaa alasiri ile.

"Tulifundishwa, bibi."

"Hee! Mimi nimezunguka mpaka nimechoka. Kesho njoo mapema."

Alikwenda mapema, kesho yake na siku nyingi zilizofuata. Hata hivyo, jambo moja hakulitarajia. Zamani alipokaa pale alifikiri pamoja na bibi. Sasa alikaa akihesabu muda unaofaa kupita kabla ya kutoa jibu. Kazi ya kujifanya unafikiri haina mwenza, na Mektilda alikuwa peke yake barazani kama alivyokuwa darasani.

Jumanne moja alisoma, "Mdudu anayetoboa vitumba vya pamba, herufi tano. Ya tatu ni N."

Bibi Kornelia aliegemea kiti. "Hilo nakuachia wewe, mtoto wa Lingeka. Nisije nikakunyang'anya lako."

Mektilda alimjua mdudu huyo. Alikuwa amemwokota shambani pamoja na mama yake misimu mitatu, wakimtia katika kopo la rangi. Lakini kiganjani palikuwa na neno lingine, na neno hilo lilitoka gazetini. Yeye ni nani hata abishane na gazeti?

"Panzi," alisema.

Aliyetunga majibu yale huenda pamba aliiona ikiwa shati tu.

"Panzi," bibi alirudia polepole. "Kwenu mlikuwa mkiokota panzi ndani ya vitumba?"

"Hapana, bibi. Funza."

"Sasa panzi umempata wapi?"

Mektilda alikunja ngumi. "Nimekosea tu."

"Haya. Leo tuishie hapa."

Hakwenda kesho yake, wala keshokutwa. Alibadili njia ili asipite kwa kinyozi. Alikaa mlangoni kwa shangazi akitazama bajaji zikipita, na hakuna iliyosimama.

Siku ya tatu Masalu alimwita kwa mbali. "Wewe! Unaumwa? Magazeti ya bibi yamerundikana hapa. Hana mtu mwingine wa kumpelekea, unajua?"

Hakuwa amelifikiria hilo. Aliyachukua yote matatu, na gazeti jipya la mezani alilipindua kifudifudi.

Bibi alikuwa barazani, kiti cha pili kikiwa palepale.

"Bibi, nilikuwa naiba majibu. Nayaandika mkononi, kwa kinyozi."

"Nilijua siku ya panzi. Nikakungoja useme mwenyewe." Bibi aligeuza uso kuelekea kwenye sauti. "Kwa nini?"

"Niliogopa utaniambia nisije tena."

Bibi Kornelia hakucheka, wala hakumkemea. "Mektilda, nisikilize. Majibu si shida yangu. Gazeti huniletea majibu hayo kila siku, na Masalu angeweza kunisomea kabla hajamaliza kunyoa mtu mmoja. Ninachokosa ni mtu wa kukaa nami wakati hatujui. Ulipoleta majibu ya wizi uliniacha peke yangu, na wewe mwenyewe ukabaki peke yako. Tena ulichokijua kwa mikono yako ulikitupa, ukashika kosa la mtu mwingine. Usipojua, sema hujui. Kwangu hilo halimfukuzi mtu."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Kaa. Anza na la zamani zaidi."

Walifanya fumbo moja mpaka jua likashuka nyuma ya paa la jirani. Lilibaki swali moja.

"Mji mkuu wa Latvia, herufi nne," alisoma Mektilda.

Bibi alifikiri. Mektilda alifikiri.

"Sijui," alisema Mektilda.

"Hata mimi sijui. Acha wazi."

Jibu lilikuwa ndani ya gazeti la pili, pale pale kwenye mapaja yake. Mektilda hakulifungua.

"Na kesho, bibi?"

"Kesho tutalifungua pamoja," alisema bibi. "Usichelewe."