Mbadala Asiyetakiwa Kupanda Jukwaani

"Evarista, vua hilo gauni. Tunaenda nyumbani."

Aliyesema hivyo ni mume wangu wa ndoa.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Gauni jekundu mpaka sakafuni, wigi limebanwa kichwani, maiki imebandikwa juu ya paji la uso. Upande wa pili wa pazia ukumbi umejaa, nawasikia watu wanakohoa na kufungua pipi zao. Bendi inajiandaa.

Zimebaki dakika chache nipande kuwa mhusika mkuu kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Na mume wangu hakuja peke yake. Kaja na mchungaji...

Wadau, ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nawajua, mtanimaliza kwenye komenti.

Mimi kwa mama ni Mtanzania, kwa baba ni Msauzi. Baba alikuwa mpigania uhuru, akakimbilia Tanzania, akawekwa kambi ya Mazimbu pale Morogoro. Akamuona mama yangu, mambo yakawa mambo. Nchi yao ilipokuwa huru akatubeba wote tukaja Soweto. Mama aligoma kabisa kuongea na mimi lugha nyingine, ndiyo maana mnanisoma hapa kwa Kiswahili changu hiki.

Mume wangu, Théodore, ni Mkongo wa Bukavu. Mlinzi kwenye jengo la ofisi Marshalltown, na shemasi kwenye kanisa la Wakongo kule Jeppestown. Mtoto wetu ni mmoja, Carmel.

Mwaka 2016 ukumbi mmoja mkubwa hapa Johannesburg ulileta mchezo wa jukwaani wa nyimbo. Hadithi nzima watu wanaimba na kucheza. Ilikuwa habari ya mama mmoja mwenye gesti enzi za kukimbilia dhahabu. Mimi nikapata nafasi kwenye kundi la waitikiaji.

Mama mwenye gesti aliletwa kutoka Uingereza. Jina lake Pippa.

Huyo mama alikuwa na sauti, msinielewe vibaya. Akiimba chini chini, watu wa viti vya mwisho kabisa wanafuta machozi.

Sasa kwenye kazi ile mhusika mkuu lazima awe na mbadala. Mbadala anajifunza kila wimbo na kila hatua ya mwenye nafasi, halafu anakaa nyuma kusubiri mwenzake augue. Asipougua, unazeekea hapo hapo.

Tulishindanishwa watatu kutoka kwenye kundi. Kwa mkataba wake, Pippa ndiye alikuwa na neno la mwisho.

Akanichagua mimi.

Nililia siku hiyo, jamani. Nikampigia mama, nikampigia na rafiki yangu Falonne.

Falonne ni msusi, Mkongo wa Lubumbashi. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye kiti chake cha kusukia Jeppestown nikamwingiza pale ukumbini kwenye chumba cha mawigi. Mikono yake ni ya dhahabu. Tatizo lake ni mdomo.

Mume wangu nilikuwa nimemwambia mapema, kabla hata hatujashindanishwa, akauliza swali moja tu.

"Huyo mama mwenye gesti anafanya nini kwenye mchezo?"

"Anaimba."

"Na nini tena?"

"Mwishoni kuna mchimbaji dhahabu anambusu."

Akanigeukia.

"Mama Carmel, kuwa mbadala sawa. Mbadala hapandi. Lakini siku ukipanda, ukabusiwa na mwanaume mbele za watu, mimi shemasi nitasimama wapi kanisani?"

Wiki hiyo hiyo, kabla sijachaguliwa, nikamsimulia Falonne hayo wakati ananisuka. Tukacheka. Nani asiyemwambia msusi wake habari za mume?

Pippa alinifundisha kama mwanawe. Kila siku kabla ya onyesho ananiita chumbani kwake tunapumua pamoja, tunapasha sauti. Akanisimulia na maisha yake. Ameanza kupanda jukwaani akiwa mtoto, kwenye mji mdogo wa pwani ya kwao ambako mvua haiishi. Akahamia London, akawa mwitikiaji miaka na miaka, nyuma kabisa, nyuma ya wale wanaobeba viti. Baadaye akawa mbadala wa mwanamke mmoja maarufu.

"Siku moja yule mwanamke akateleza kwenye ngazi, akavunjika mguu," akaniambia. "Nikapanda mimi."

"Alipopona je?"

Pippa akatabasamu.

"Sikuirudisha ile nafasi, mpenzi."

Nikaona ni hadithi tamu kuliko zote. Nikajiona ni mimi ndani yake.

Basi, ikafika Ijumaa hiyo. Pippa kaamka hana sauti. Hata kunong'ona hawezi, anaandika kwenye simu anakuonyesha usome.

Muongozaji wetu, Jacques, akaniita mchana. "Unapanda leo."

Kichwa kikaanza kufanya kazi. Nikamwambia Jacques, nina ombi, lile busu la mwisho. Thabiso, kijana aliyeigiza mchimbaji, akadakia kabla sijamaliza.

"Sharp, sister. Nitabusu mkono. Tena itapendeza zaidi."

Jacques akakubali. Tukajaribu mara mbili, mkono tu, kwa heshima. Falonne alikuwepo. Alikuwa amesimama nyuma yangu ananipimia wigi, kasikia kila neno.

Nikampigia mume wangu. Simu imezimwa. Ijumaa ni siku yao ya kufunga na kuomba. Nikamwachia ujumbe wa sauti.

"Baba Carmel, leo napanda. Busu hakuna, wameliondoa, ni mkono tu. Njoo unione. Tiketi yako iko mlangoni."

Nilivyomwachia ule ujumbe nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

Turudi nyuma ya pazia sasa.

"Nani kakwambia napanda?" nikamuuliza.

"Mama Pasteur amepigiwa simu. Tumeambiwa yote. Kwamba leo unashikwa na kubusiwa mdomoni, na kwamba umesema tusijulishwe."

"Nilikuachia ujumbe. Umeusikiliza?"

"Simu yangu imezimwa. Tulikuwa kwenye maombi."

"Basi iwashe, usikilize."

Mchungaji, Pasteur Damien, mume wa huyo Mama Pasteur, akaingilia kwa ile sauti yake ya upole ya mimbarini.

"Binti yangu, nyumba haijengwi kwenye simu. Twende tukaongee nyumbani."

Thabiso akasogea. "Eish, bro, ni mkono tu. Nakuapia."

Mume wangu hakumtazama hata. Alinitazama mimi. Hakupaza sauti, na wadau, ndicho kilichoniua.

"Carmel yuko kwa Mama Pasteur. Ukipanda pale, asubuhi usije kumchukua."

Mtoto wangu alikuwa na miaka mitatu.

Kila mtu ananiangalia. Jacques anaangalia saa. Ule wimbo wa kwanza nilikuwa nao kooni, tayari kabisa, ningeuimba hata usingizini. Nikainua mikono nikaanza kuchomoa pini za wigi moja moja. Falonne akaja kunisaidia. Alikuwa hanitazami usoni, nikadhani ananihurumia.

Wakatangaza onyesho limevunjwa. Nilisikia ukumbi mzima ukiguna.

Njiani, kwenye gari la mchungaji, mume wangu akawasha simu. Ujumbe wangu ukaingia. Akauweka sikioni. Kutoka kiti cha nyuma nilisikia sauti yangu mwenyewe, kwa mbali, imejaa furaha, inamwambia tiketi yako iko mlangoni.

Tulikuwa tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, za kuingia Jeppestown. Mchungaji akaongeza sauti ya redio.

Mume wangu akaiweka simu mfukoni. Hakusema kitu. Mpaka leo hajasema.

Kesho yake nikafukuzwa. Walisema mbadala asiyetegemeka hana kazi, na kwa hilo siwezi hata kuwalaumu. Pippa alipona, akarudi kwenye gauni lake jekundu. Akaniletea maua mpaka nyumbani. Nikayaweka kwenye ndoo, nikalia, nikasema masikini huyu mama wa watu, amepoteza muda wake kunifundisha.

Masikini nani? Endeleeni kusoma.

Ndoa haikufika mbali. Unamwangalia mtu mezani, unajua kwamba anajua, na hasemi. Mwaka uliofuata nikamchukua Carmel nikarudi kwa baba Soweto. Théodore hakunizuia. Alinibebea begi hadi kwenye teksi.

Sasa 2018, niko zangu nyumbani, mtu anagonga geti. Falonne. Kakonda, macho yamevimba.

"Dada Eva, ninaomba maji."

Nikampa. Akanywa, akaanza kulia.

"Pippa ameenda. Amerudi kwao."

"Sasa si mkataba umeisha? Unalia nini?"

"Alisemaga atanibeba. Alisema kule London nitafanya mawigi, nitakuwa na chumba yangu. Leo hata simu hashike."

Nikakaa.

"Akubebe wewe kwa lipi, Falonne?"

Akawa anazungusha glasi ya maji mkononi.

"Falonne. Kwa lipi?"

"Siku ile... ni miye nilipigia Mama Pasteur."

Sikumpiga. Nashangaa mpaka leo kwa nini sikumpiga.

"Pippa hakukuwa na sauti," akasema. "Aliandika kwenye simu, akanionyesha. Mpigie mume wake. Mwambie busu iko. Simu ya mumeo ilikuwa imezimwa, ndiyo nikapigia Mama Pasteur."

"Na wewe ulijua haipo. Ulikuwa nyuma yangu."

"Nilijua."

"Pippa alijuaje mume wangu atakuja kunitoa? Nani alimwambia habari za nyumbani kwangu?"

Akafunika uso na kanga niliyompa ajifute.

"Pardon, dada. Ile ya mumeo nilimwambiaga kitambo. Kabla hajachagua mbadala. Nilikuwa ninamupima kichwa, tunaongea tu, kama salon. Akaniuliza, kati ya hawa watatu, nani anaimba kumushinda wote?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema ni weye."

"Halafu?"

"Halafu akauliza, kati ya hawa watatu, ni nani hata iwe nini hawezi kupanda?"

Sikuwa na haja amalizie.

"Ukasema ni mimi."

"Nikasema ni weye."

Wadau, jibu la maswali yote mawili lilikuwa jina langu... na yeye alinichagua kwa lile la pili.

Mwanamke aliyenyang'anya nafasi ya mwenzake aliyevunjika mguu alikuwa anajua vizuri sana mbadala ni nani. Akatafuta mbadala aliyekwisha fungwa kamba nyumbani kwake. Yale mafunzo yote, kupumua pamoja, "mpenzi" kila sentensi, alikuwa anamlisha ndege baada ya kuhakikisha yuko tunduni.

Nilimwambia Falonne amalize maji aondoke. Sijamwona tena na sitaki.

Ningeishia hapo mngenihurumia, mngeniwekea zile alama zenu za machozi. Lakini kuna kipande kimebaki, na hicho ndicho kinachoniuma zaidi.

Mwaka huu, 2019, nimepata nafasi kubwa. Ni ukumbi mdogo hapa hapa Soweto, viti vya plastiki, lakini mchezo ni wa nyimbo na mhusika mkuu ni mimi. Muongozaji akaniletea wasichana wawili.

"Eva, mchague mbadala wako."

Mmoja Zabibu. Anaimba vizuri tu, ila mama mkwe wake hamruhusu kutoka jioni, anakuja mazoezini kwa kuibia.

Mwingine Ilham. Hana mume, hana mtoto, hana wa kumuuliza. Akafungua mdomo akaimba wimbo wangu, nywele zikanisimama.

Muongozaji akanigeukia. "Nani?"

Jina lililokuja mdomoni lilikuwa la Zabibu. Lilikuja lenyewe, haraka, na sababu zake nzuri nzuri: ana adabu, anahitaji kutiwa moyo, tutamsaidia masikini.

Nikalimeza. Nikasema Ilham.

Kwa hiyo mdada unayenisoma, ukichaguliwa mahali, furahi, lakini uliza umechaguliwa kwa nguvu yako au kwa kamba uliyofungwa. Na kama wewe ndiye unayechagua, usijione mtakatifu. Subiri kwanza uone ni jina gani litakuja mdomoni mwako.

Tangu nimchague Ilham sijakosa onyesho hata moja. Wiki iliyopita nilipanda na homa, natetemeka, nimefunga shingo na skafu, nimekunywa tangawizi mpaka tumbo linawaka.

Ilham akaja nyuma ya pazia, akanishika mkono.

"Dada Eva, unajisikiaje leo?"

Anauliza hivyo kila siku, kwa sauti nzuri kabisa.

"Mzima kabisa, mdogo wangu," nikamjibu, nikapanda.